Def Jam Yatimiza Miaka 40: Lebo Iliyozaliwa Bwenini

Mwaka 2024 kampuni ya kurekodi muziki ya Def Jam Recordings ya New York ilitimiza miaka 40. Kwa lebo ya hip-hop huo ni umri mkubwa. Sugar Hill Records, iliyoutoa muziki huu mitaani na kuuingiza kwenye santuri mwaka 1979, haikumaliza hata muongo mmoja. Lebo nyingine nyingi zilivuma kwa wimbo mmoja au miwili, zikazima. Def Jam imebadili wamiliki, ofisi na viongozi, imepita katika madeni yaliyokaribia kuifunga, na bado nembo yake ya herufi kubwa D na J imo kwenye kazi za wasanii waliozaliwa miaka mingi baada ya lebo yenyewe kuanzishwa.

Wanaoisifu huanza na majina: LL Cool J, Public Enemy, DMX, Jay-Z, Rihanna. Majina hayo yana haki yake na yatatajwa hapa. Lakini ukiifuata historia hii mwaka baada ya mwaka, unakutana na kundi jingine la watu. Wapo waliobeba makasha ya santuri, waliojitolea kama wanagenzi, waliosafiri na wasanii kama mameneja wa ziara, na kijana mmoja aliyekuwa akichambua kanda zilizotumwa na watu asiowajua. Lebo ilipokwama, mara nyingi waliohusika kuinasua walikuwa watu wa aina hiyo. Ndiyo sifa ya Def Jam ambayo mwandishi huyu anaona imeandikwa kidogo mno.

Kabla ya 1984: santuri zisizofanana na sherehe

Hip-hop ilianza Bronx katika miaka ya 1970 kama muziki wa sherehe. DJ alikamata kipande kifupi cha ngoma katika santuri, akakirudiarudia kwa mashine mbili, na mchanaji akapanda juu yake na kipaza sauti. Kampuni za kwanza zilizorekodi muziki huo hazikuuchukua ulivyo. Ziliita bendi zipige upya midundo ya disko na fanki, kisha wachanaji wakachana juu ya bendi. Santuri ziliuzwa, lakini aliyekuwa amehudhuria sherehe zenyewe hakuusikia ndani yake ule ukali wa ngoma tupu na mkwaruzo wa sindano.

Rick Rubin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York aliyetoka Long Island, alikuwa mmoja wa waliohudhuria. Alikuwa kijana Mzungu mpenda punk na roki nzito, naye alikwenda Negril, klabu ya Manhattan iliyokuwa na usiku maalumu wa hip-hop, kuwasikiliza madijei wa Bronx. Aliyoyasikia pale hakuyapata dukani. Pengo hilo ndilo lililoizaa Def Jam: haja ya santuri inayosikika kama usiku wenyewe.

1984: Chumba namba 712

Rubin aliishi bweni la Weinstein, chumba namba 712. Jina na nembo ya Def Jam alianza kuvitumia akiwa bado na bendi yake ya punk iitwayo Hose. Kazi ya kwanza ya hip-hop yenye nembo hiyo ilikuwa “It's Yours” ya T La Rock na Jazzy Jay, iliyotoka mwaka 1984. Rubin alikuwa amemtaka kwanza Special K wa kundi la Treacherous Three, lakini huyo alifungwa na mkataba wa Sugar Hill, ndipo alipoelekezwa kwa T La Rock, ndugu yake. Jazzy Jay, DJ wa Zulu Nation, alishika mashine. Usambazaji ulifanywa na kampuni nyingine, maana bweni halikuwa na njia ya kufikisha santuri madukani.

Jazzy Jay ndiye pia aliyemkutanisha Rubin na Russell Simmons. Simmons alitoka Hollis, mtaa wa Queens. Alianza kama promota wa sherehe, akawa meneja wa Kurtis Blow, rapa wa kwanza kusajiliwa na kampuni kubwa, kisha wa Run-DMC, kundi la mdogo wake Joseph. Mwaka huohuo wa 1984 wakaungana: Rubin akishika sauti, Simmons akishika soko. Hapa inafaa kusahihisha jambo ambalo mashabiki wengi hulikosea. Run-DMC hawakuwahi kuwa wasanii wa Def Jam katika enzi hiyo. Walikuwa chini ya Profile Records, na kilichowaunganisha na lebo hii kilikuwa ofisi ya umeneja ya Simmons, Rush, pamoja na Rubin na Simmons kusimamia utayarishaji wa albamu yao ya mwaka 1986, “Raising Hell”.

Anwani ya bweni ilichapishwa kwenye santuri ya “It's Yours”, na kanda za majaribio zikaanza kumiminika. Adam Horovitz wa kundi la Beastie Boys, kijana aliyeshinda chumbani humo, ndiye aliyezichambua. Katika rundo hilo akakuta kanda ya kijana wa Queens mwenye miaka 16 aitwaye James Todd Smith, ambaye ulimwengu ungemjua kama LL Cool J. Santuri yake, “I Need a Beat”, ikawa namba ya kwanza katika orodha rasmi ya Def Jam, na “Rock Hard” ya Beastie Boys ikawa ya pili. Ya kwanza iliuza zaidi ya nakala 100,000. Kwa biashara iliyokuwa ikiendeshwa kutoka chumba cha mwanafunzi, hayo yalikuwa mauzo ya kutosha kuzishtua kampuni kubwa.

1985–1988: mkataba na Columbia

Mwaka 1985 CBS, kupitia Columbia Records, iliipa Def Jam mkataba wa usambazaji wenye malipo ya dola 600,000. Lebo ikahamia katika jengo la 298 Elizabeth Street, Manhattan, ikichanganyika humo na ofisi ya Rush. Filamu ya “Krush Groove” ya mwaka huo ilisimulia kwa mtindo wa kubuni habari za lebo na wasanii wake.

Novemba 1985 ikatoka “Radio” ya LL Cool J, albamu kamili ya kwanza ya Def Jam. Jaladani hapakuwa na sura ya msanii. Palikuwa na redio kubwa ya kanda ya JVC, ile ambayo vijana waliibeba begani mitaani. Rubin aliandikwa kuwa ameipunguza albamu badala ya kuitayarisha, na hakuna maelezo bora ya kazi aliyoifanya. Aliondoa vinanda, akaondoa bendi, akaacha ngoma, mkwaruzo na sauti. Vilevile aliwapanga wachanaji wafuate muundo wa wimbo wenye beti na kiitikio, badala ya mistari isiyo na mwisho. Hadi hapo rap ilikuwa biashara ya nyimbo mojamoja, na “Radio” ilikuwa miongoni mwa kazi zilizothibitisha kwamba inaweza kubeba albamu nzima.

Beastie Boys walipelekwa mwaka 1985 kufungua maonyesho ya Madonna. Novemba 1986 walitoa “Licensed to Ill”, na Machi 1987 ikawa albamu ya kwanza ya rap kushika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya albamu ya Billboard. Mwaka 2015 ilipewa cheti cha almasi kwa nakala milioni 10 nchini Marekani. Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Kundi na lebo waligombana juu ya mirabaha, na Beastie Boys wakahamia Capitol.

Rubin hakujifunga ndani ya hip-hop. Mwaka 1986 alirekodi “Reign in Blood” ya Slayer, kundi la roki nzito. Columbia ilikataa kuisambaza kwa sababu ya maudhui yake, na Geffen ndiyo iliyoifikisha sokoni.

Nguzo ya tatu ya lebo baada ya LL Cool J na Beastie Boys, na kwa maoni ya mwandishi huyu iliyo kubwa kuliko zote, ni Public Enemy. Chuck D alikuwa mchanaji wa Long Island aliyefahamika kupitia WBAU, redio ya Chuo Kikuu cha Adelphi. Rubin alimpigia simu mara kwa mara, naye akakwepa, akijiona amekwisha kuwa mkubwa kwa mambo ya vijana. Def Jam ikamwajiri Bill Stephney, aliyekuwa mkuu wa vipindi katika redio hiyohiyo, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kumleta Chuck D. Wakaja pamoja: Chuck D, Flavor Flav, Professor Griff, Terminator X, na watayarishaji wa Bomb Squad wakiongozwa na Hank Shocklee.

“Yo! Bum Rush the Show” ilitoka mwaka 1987 na haikutikisa sana. Novemba mwaka huo Public Enemy, LL Cool J na Eric B. & Rakim walitumbuiza London katika ziara ya Def Jam. Kelele za ukumbi wa Hammersmith Odeon zilinaswa, zikawekwa kati ya nyimbo za albamu ya pili, “It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back” ya mwaka 1988. Shocklee na wenzake walipanga vipande vya sauti juu ya vipande hadi muziki ukawa kama king'ora, na juu yake Chuck D akazungumzia magereza, vyombo vya habari na historia ya Wamarekani Weusi. Haikuwahi kutokea lebo ya rap ikaupa ujumbe mzito hivyo nguvu ya soko kubwa hivyo. “Fear of a Black Planet” ilifuata mwaka 1990, na sasa imo katika rejista ya kitaifa ya rekodi za sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sura ya lebo kwa macho nayo ilipata mafundi wake. Cey Adams, aliyeanza kama msanii wa grafiti, akawa msanifu mkuu wa michoro. Glen E. Friedman alipiga picha za majalada mawili ya kwanza ya Public Enemy. Bill Adler aliendesha mawasiliano na magazeti katika wakati ambapo wahariri wengi waliichukulia rap kuwa fasheni ya msimu.

1988–1994: miaka ya deni

Mwaka 1988 Rubin aliondoka, akaenda Los Angeles na kuanzisha Def American. Nafasi ya uongozi kando ya Simmons ikashikwa na Lyor Cohen, aliyeingia Rush kama meneja wa safari za Run-DMC. Mwaka huohuo Slick Rick alitoa “The Great Adventures of Slick Rick”, albamu ambayo wasimulizi wa hip-hop bado huirudia kama darasa. LL Cool J alipokosolewa kwa kazi yake ya mwaka 1989, alirudi mwaka uliofuata na “Mama Said Knock You Out”, chini ya utayarishaji wa Marley Marl.

EPMD walijiunga mwaka 1990. Nikki D akawa rapa wa kwanza wa kike kusajiliwa na lebo. Redman alianza mwaka 1992, na Onyx wakaja mwaka 1993 kupitia JMJ, lebo ya Jam Master Jay, DJ wa Run-DMC. Hata hivyo mfumo wa lebo ndogondogo chini ya mwavuli wa Rush Associated Labels ulikula fedha kuliko ulivyorudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Carmen Ashhurst alikuwa rais wa kampuni, naye alibeba kazi isiyo na makofi: kuiendesha taasisi yenye sifa kubwa na hazina ndogo, huku Sony, iliyoinunua CBS Records, ikizidi kuidai.

1994–1999: kunusurika, kisha kupaa

Vitabu vingi huuona mwaka 1986 kuwa kilele. Mimi nauona mwaka 1994 kuwa muhimu zaidi, kwa sababu pasipo huo kusingekuwa na maadhimisho yoyote. PolyGram ilinunua asilimia 50 iliyokuwa mikononi mwa Sony, na mwezi Juni Warren G wa Long Beach, California, akatoa “Regulate... G Funk Era”. Ilianza katika nafasi ya pili ya chati ya Billboard na kuuza mamilioni. Ilitoka kupitia Violator, lebo ya Chris Lighty, kijana wa Bronx aliyeanza kwa kumbebea DJ Red Alert makasha ya santuri. Lebo ya New York iliokolewa na sauti ya Pwani ya Magharibi, kwa mkono wa mbeba makasha. Novemba ikafuata “Tical” ya Method Man, albamu ya kwanza ya msanii wa peke yake kutoka kundi la Wu-Tang Clan. Mwaka 1995 Montell Jordan alikaa wiki saba kileleni mwa chati ya nyimbo.

Mwaka 1997 Def Jam iliingia ubia na Roc-A-Fella ya Jay-Z, Damon Dash na Kareem Burke. Mwaka 1998 ukawa wa mavuno. Mwezi Mei DMX, rapa wa Yonkers aliyesukumwa na mtafuta vipaji Irv Gotti, alitoa “It's Dark and Hell Is Hot”, ikashika namba moja na kuuza zaidi ya nakala 250,000 wiki ya kwanza. Desemba akatoa ya pili, nayo ikashika namba moja pia. Kati ya hizo mbili ikatoka “Vol. 2... Hard Knock Life” ya Jay-Z. Rap ya wakati huo ilikuwa imezama katika suti zinazong'aa na video za kifahari. DMX aliingia akibweka na kusali, na wasikilizaji wakamfuata.

Kevin Liles wa Baltimore, aliyeingia mwaka 1991 kama mwanagenzi, alifika urais wa Def Jam kabla muongo huo haujaisha. Julie Greenwald, aliyeajiriwa mwaka 1992 kuwa msaidizi wa Cohen, alipanda hadi uongozi wa masoko, na baadaye aliongoza Atlantic Records.

1999–2007: ndani ya kampuni kubwa

Seagram iliinunua PolyGram mwaka 1998 na kuiunganisha na kampuni yake ya Universal Music Group. Simmons aliuza hisa zake zilizobaki mwaka 1999, na Def Jam ikaunganishwa na Island Records kuwa Island Def Jam. Uhuru wa umiliki ukaisha hapo. Kilichobaki ni uhuru wa kuchagua sauti, na kwa miaka michache ulitumika vizuri. Def Jam South, iliyosimamiwa na rapa Scarface wa Houston, ilimleta Ludacris mwaka 2000. Murder Inc. ya Irv Gotti ikawa na Ja Rule na Ashanti. Kanye West, ambaye Roc-A-Fella ilimthamini kwanza kama mtengeneza biti na kusita kumwamini kama mchanaji, akatoa “The College Dropout” Februari 2004.

Cohen na Liles walipohamia Warner mwaka 2004, L.A. Reid alichukua Island Def Jam, na kuanzia Januari 2005 Jay-Z akawa rais wa Def Jam. Msanii wa lebo sasa alisaini mikataba ya wenzake. Rihanna, binti wa Barbados ambaye hata miaka 18 hakuwa ametimiza, alianza mwaka huo na “Music of the Sun”. Young Jeezy, Rick Ross na Ne-Yo wakaimarisha safu. Nas, aliyekuwa amerushiana nyimbo kali na Jay-Z mwaka 2001, alisaini mwaka 2006. Jay-Z aliondoka mwishoni mwa 2007.

2008–2024

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mabadiliko ya mara kwa mara ya uongozi, na haidai maelezo marefu. Kazi iliyo bora ndani yake ni “channel ORANGE” ya Frank Ocean, mwaka 2012. Aprili 2014 Island Def Jam ilivunjwa, na Def Jam ikasimama peke yake ndani ya Universal chini ya Steve Bartels. Paul Rosenberg aliongoza kuanzia 2018 hadi 2020, Jeff Harleston akashika kwa muda, na Januari 2022 akaingia Tunji Balogun, mtoto wa wazazi wa Kinigeria.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1984 | “It's Yours” yatoka. Rubin na Simmons waungana |
| 1985 | Mkataba na Columbia. “Radio”, albamu kamili ya kwanza |
| 1987 | “Licensed to Ill” yashika namba moja Billboard |
| 1988 | “It Takes a Nation of Millions”. Rubin aondoka |
| 1994 | PolyGram yanunua asilimia 50. Albamu ya Warren G |
| 1997 | Ubia na Roc-A-Fella |
| 1998 | DMX atoa mwaka mmoja albamu mbili zilizofika namba moja |
| 1999 | Simmons auza hisa zake |
| 2005 | Jay-Z awa rais. Rihanna aanza |
| 2014 | Island Def Jam yavunjwa |
| 2020 | Def Jam Africa na 0207 Def Jam zazinduliwa |
| 2024 | Miaka 40; LL Cool J atoa “The FORCE” |

Tukio la mwaka 2020 linatugusa zaidi sisi wa bara hili. Mwezi Mei, Universal ilizindua Def Jam Africa, yenye makao Johannesburg na Lagos. Nasty C, Cassper Nyovest, Nadia Nakai na Boity wa Afrika Kusini walikuwa miongoni mwa wasanii wa kwanza, pamoja na Larry Gaaga na Vector wa Nigeria. Novemba ikafuata 0207 Def Jam ya London, iliyokabidhiwa kwa mapacha Alec na Alex Boateng, na baadaye Stormzy akajiunga nayo. Nairobi na Dar es Salaam, miji yenye hip-hop ya Kiswahili iliyokomaa tangu miaka ya 1990, hazikupewa ofisi katika uzinduzi huo. Watafuta vipaji wa Johannesburg wana safari ya kufanya, na kanda za kuwasubiri zipo.